Mtoto Tumboni Hukuzwa na Homoni Gani? Majibu kwa Wasomaji

Barua nyingi zilizofika dawati la afya mwezi huu zimetoka kwa wajawazito wa Nairobi na waume zao, na karibu zote zinauliza kuhusu homoni na ukuaji wa mtoto kabla hajazaliwa. Tumechagua nane. Majina tumeyaacha, mitaa tumeibakiza.

SWALI: Mimi na mume wangu ni wafupi. Nina mimba ya miezi minne. Kuna mtu katikati ya jiji anauza sindano za homoni ya ukuaji, anasema nikidungwa sita kabla ya kujifungua mtoto atakuwa mrefu. Bei ni kali lakini tuko tayari kuchanga. Je, ni kweli?
— Mama mtarajiwa, Kasarani

JIBU: Dada, zishikeni hizo pesa. Homoni ya ukuaji unayodungwa wewe haimfikii mtoto, maana ni protini kubwa na kondo la nyuma haliipitishi. Hata kama ingemfikia, isingekuwa na kubwa la kumfanyia akiwa bado tumboni. Jina lake ndilo linalowapotosha watu: mtu akisikia "homoni ya ukuaji" hudhani ndiyo inayokuza kila kitu tangu mwanzo.

Homoni hiyo hutoka kwenye tezi ya pituitari, tezi ndogo kama punje ya njegere iliyo chini ya ubongo. Tezi ya mtoto huanza kuitoa kati ya wiki ya 8 na ya 10, na kufikia katikati ya mimba kiwango katika damu yake huwa kimempita mtu mzima mara nyingi. Lakini mwili wake hauitikii sana, kwa kuwa vipokezi vya homoni hiyo, hasa vya kwenye ini, bado ni vichache na havijakomaa. Tazama watu wenye ugonjwa ulioelezwa mwaka 1966 na Zvi Laron wa Israel. Vipokezi vyao vya homoni ya ukuaji havifanyi kazi maisha yote, na wakiwa watu wazima wengi hawafiki mita 1.4. Hata hivyo huzaliwa wakiwa na urefu unaokaribia wa kawaida. Tumboni walikua bila homoni hiyo.

Nani basi anayekuza? Ni insulini ya mtoto mwenyewe, pamoja na homoni mbili zinazofanana nayo kwa umbo, ziitwazo IGF-1 na IGF-2. IGF-2 hutangulia: hujenga kondo la nyuma na mwili wa mtoto katika miezi ya mwanzo. Jeni yake ina ajabu moja, kwamba kati ya nakala mbili tunazorithi, karibu kila mahali mwilini mwa mtoto inayofanya kazi ni ile ya baba tu. IGF-1 huzidi nguvu kadiri mimba inavyosonga. Umuhimu wake ulionekana wazi mwaka 1996, madaktari wa London walipoeleza hali ya kijana wa miaka 15 aliyekosa sehemu ya jeni ya IGF-1. Alizaliwa mimba ikiwa imekaribia kutimia, lakini akiwa na kilo 1.4 tu. Mlinganishe na wale wa Laron utaona tofauti.

Sasa upande wako wewe. Kuanzia katikati ya mimba, pituitari yako karibu inaacha kutoa homoni ya ukuaji, na kondo linatoa aina yake lenyewe pamoja na homoni nyingine, laktojeni ya kondo. Hizi hufanya kazi mwilini mwa mama. Huufanya mwili wako uwe mzito kuitikia insulini, ili sukari ibaki kwenye damu na kuvuka kwa mtoto, huku wewe ukitumia mafuta zaidi. Ukiongeza sindano nyingine juu ya hapo, unachopandisha ni sukari yako. Isitoshe, dawa hiyo inatakiwa ikae kwenye friji kati ya nyuzi 2 na 8. Kichupa kilichozungushwa mfukoni huwezi kujua kilichobaki ndani.

Na kuhusu ufupi wenu: ukubwa wa mtoto siku ya kuzaliwa hutegemea sana mji wa mimba na chakula kinachovuka, kuliko kimo cha wazazi. Mwaka 1938 Walton na Hammond wa Cambridge walichanganya farasi wakubwa wa aina ya Shire na wadogo wa Shetland. Mwana wa jike kubwa alizaliwa mkubwa, wa jike dogo alizaliwa mdogo, ingawa mchanganyiko wa damu ulikuwa uleule. Urefu wa kurithi hujitokeza baada ya kuzaliwa, hasa kuanzia mwaka wa kwanza na wa pili.

SWALI: Mtoto wangu wa kwanza alizaliwa na kilo 4.4, mabega yakakwama. Sasa nina wiki 22 na kliniki wameniambia nikapimwe sukari kwa kunywa glukosi. Sina kisukari. Mama mkwe ananiambia nile nusu ya chakula changu ili huyu asiwe mkubwa. Sukari inahusianaje na ukubwa wa mtoto?
— Mama wa mmoja, Umoja

JIBU: Inahusiana moja kwa moja, na aliyeieleza vizuri ni daktari wa Copenhagen, Jørgen Pedersen, katika miaka ya 1950. Sukari ya mama huvuka kondo, insulini ya mama haivuki. Kongosho la mtoto huanza kutoa insulini yake kati ya wiki ya 10 na ya 12. Damu yako ikiwa na sukari nyingi, yeye naye anapokea nyingi, kongosho lake linajibu kwa insulini nyingi, na insulini hiyo ndiyo homoni inayomnenepesha. Inaweka mafuta, inakuza ini, inapanua kifua na mabega. Kichwa hakikui kwa kiasi hichohicho. Ndiyo maana kichwa hutoka salama, kisha mabega yakakwama. Mtoto mwenye kilo 4.4 ambaye mama yake hana kisukari huwa na mwili uliolingana zaidi kuliko mtoto mwenye kilo hizohizo aliyelishwa sukari.

Kutokuwa na kisukari kabla ya mimba hakukukingi. Homoni za kondo tulizozitaja hapo juu huzidi kadiri miezi inavyosonga, na kongosho la mama lisipoweza kuongeza kazi, kisukari cha mimba huingia bila dalili. Ndiyo sababu kipimo hufanywa kati ya wiki ya 24 na ya 28. Kwa aliyewahi kuzaa mtoto wa zaidi ya kilo 4, ni vyema apimwe mapema, na majibu yakiwa mazuri arudie katika wiki hizo. Kwa hiyo nenda sasa.

Kipimo kinafanywa hivi. Siku tatu kabla yake kula kama kawaida. Ukijinyima wanga, majibu yatapotoka. Usiku ule usile chochote kwa saa 8 au zaidi, maji matupu yanaruhusiwa. Asubuhi unatolewa damu, kisha unakunywa gramu 75 za glukosi zilizoyeyushwa kwenye maji yapata mililita 300, uzimalize ndani ya dakika 5. Unatolewa damu tena baada ya saa moja na baada ya saa mbili. Muda wote huo kaa. Usitoke kwenda sokoni wala kutafuna chochote, kwa maana kutembea kunaishusha sukari na majibu yatadanganya. Ukitapika, mwambie nesi. Kipimo kitarudiwa siku nyingine. Kisukari cha mimba ni pale jibu lolote moja kati ya haya linapofikiwa au kupitwa: 5.1 kabla ya kunywa, 10.0 baada ya saa moja, 8.5 baada ya saa mbili, kwa milimoli kwa lita. Ikiwa ya kwanza ni 7.0 au zaidi, au ile ya saa mbili ni 11.1 au zaidi, hicho ni kisukari kamili na matibabu yake yanaanza kwa haraka zaidi.

Mama mkwe anakutakia mema, na mheshimu, ila ushauri wake usiufuate. Mwenye njaa huchoma mafuta mengi na kutoa ketoni, yaani asidi zitokanazo na mafuta hayo, nazo zinavuka kondo. La kupunguza ni wanga unaoingia kwa mkupuo. Ugali uwe wa ukubwa wa ngumi yako, sukuma wiki au kunde zichukue nusu ya sahani, na ndengu, maharagwe, omena au yai vijaze robo iliyobaki. Chai inyweke bila sukari. Soda na juisi za pakiti ziache kabisa. Uji mwepesi uliotiwa sukari asubuhi ndio unaowaangusha wengi, maana asubuhi ndipo mwili unapoitikia insulini vibaya zaidi. Tembea dakika 10 hadi 15 baada ya kila mlo. Shabaha ya waliokwisha kugundulika ni chini ya 5.3 kabla ya kula, na chini ya 7.8 saa moja baada ya kula. Wiki moja au mbili zikipita bila kufika hapo, daktari ataongeza metformini au insulini. Insulini ya sindano haimfikii mtoto, metformini humfikia.

Jambo moja linasahaulika sana chumba cha kujifungulia. Kitovu kikikatwa, sukari ya mama inakoma mara moja, lakini insulini ya mtoto bado iko juu. Sukari yake huporomoka katika saa za kwanza. Mtoto huyo anyonyeshwe ndani ya saa ya kwanza, kisha kila saa mbili au tatu, na apimwe kwa tone la damu ya kisigino. Hospitali nyingi huingilia kati ikiwa chini ya 2.6. Akitetemeka, akilegea au akikataa kunyonya, usingoje nesi apite, mwite. Wewe nawe rudi upimwe tena wiki 6 hadi 12 baada ya kujifungua.

SWALI: Nina wiki 30. Nesi alipima tumbo kwa futi akapata sentimita 26, na skani inasema mtoto ni mdogo. Ni homoni gani imepungua, na kuna dawa ya kuiongeza?
— Msomaji, Kawangware

JIBU: Homoni zimepungua kweli, ila hayo ni matokeo, siyo chanzo. Kondo likipitisha oksijeni na chakula kidogo, insulini na IGF-1 za mtoto hushuka, na kotisoli yake, homoni ya msongo, hupanda. Mwili wake unaamua kutumia kidogo alichonacho kwa ubongo na moyo, na kuacha ini na mafuta vingoje. Ndiyo maana kwenye skani mzunguko wa tumbo hupungua kabla ya wa kichwa. Kumpa homoni bila kuongeza chakula kinachovuka ni kumwamuru fundi aongeze ghorofa ilhali lori la mawe halijafika.

Kabla ya kuogopa, hakikisha tarehe. Kati ya wiki ya 24 na ya 36, sentimita kutoka mfupa wa kinena hadi juu ya mji wa mimba hulingana na wiki, zikizidi au kupungua mbili. Kipimo hukosewa kibofu kikiwa kimejaa au wapimaji wakibadilika kila mara. Skani iliyofanywa kabla ya wiki ya 13 ndiyo inayoaminika kwa tarehe. Ya wiki ya 30 inaweza kukosea kwa wiki mbili au zaidi. Kama unayo ile ya mwanzo, nenda nayo.

Tarehe zikiwa sawa, omba skani nyingine baada ya wiki mbili au tatu, na Dopla ya kitovu, inayoonyesha jinsi damu inavyopita. Mtoto mdogo anayeendelea kuongezeka kwa mstari wake hana shida kubwa. Anayesimama ndiye wa kuhofiwa. Katika umri huu mtoto huwa na takriban kilo 1.3 hadi 1.5, na wiki chache zijazo anapaswa kuongeza kama gramu 200 kila wiki.

Kisha itafutwe sababu. Presha ya 140/90 au zaidi ni ya kwanza kwenye orodha, kwa kuwa mara nyingi kondo ambalo mishipa yake haikupanuka vizuri mwanzoni ndilo hupandisha presha na kumdumaza mtoto. Halafu upungufu wa damu, kaswende, sigara, pombe, na malaria. Nairobi malaria ni chache, lakini kama ulikwenda nyumbani Busia, Siaya au Kilifi ukiwa na mimba, mwambie nesi bila kuulizwa. Vimelea hujificha kwenye kondo hata kama wewe huna homa. Katika kaunti zenye malaria nyingi wajawazito hupewa vidonge vya SP kliniki kuanzia wiki ya 13; Nairobi havitolewi kwa kawaida.

Kula zaidi kunasaidia ikiwa wewe mwenyewe umekonda au uzito haupandi. Miezi hii ya mwisho mwili unahitaji nyongeza ya kalori kama 450 kwa siku, yaani bakuli la githeri lenye maharagwe mengi na glasi ya maziwa. Ikiwa tatizo ni kondo, sahani kubwa haitalifungua. Vidonge vya madini ya chuma miligramu 60 na asidi ya foliki mikrogramu 400 usiviache.

Dawa ya kumkuza mtoto aliyedumaa tumboni haipo. Sildenafili, ile ya nguvu za kiume, ilijaribiwa, na jaribio la Uholanzi likasimamishwa mwaka 2018 baada ya watoto kufa kwa matatizo ya mapafu. Atakayekuuzia, mkatalie. Kinachookoa ni kufuatiliwa kwa karibu na kuzalishwa kwa wakati. Mtoto akipunguza kucheza, lala kwa ubavu wa kushoto uhesabu. Asipofikisha mara 10 kwa saa mbili, nenda hospitali siku hiyohiyo, hata ikiwa ni usiku.

SWALI: Mke wangu ana wiki 31 na uchungu ulianza mapema. Hospitali wamemdunga deksamethasoni ya kukomaza mapafu. Nimesoma kwamba steroidi hudumaza watoto. Je, tumekosea kukubali?
— Mume, Eastleigh

JIBU: Hamkukosea, ndugu. Deksamethasoni ni steroidi inayoiga kotisoli, na kotisoli ni homoni ya kukomaza. Wiki za mwisho za mimba hupanda yenyewe katika damu ya mtoto na kuyaambia mapafu yatoe utelezi unaozuia vifuko vya hewa kunata. Utelezi huo huanza kuonekana yapata wiki ya 24, na huwa haujatosha hadi wiki ya 34 au 35. Mtoto anayetaka kutoka wiki ya 31 hajaupata ujumbe huo, ndiyo maana unatumwa kwa sindano. Liggins, aliyekuwa akichunguza kondoo kule New Zealand, na mwenzake Howie ndio waliochapisha jaribio la kwanza kwa wanawake mwaka 1972. Jaribio la Shirika la Afya Duniani lililochapishwa mwaka 2020, na Kenya ikiwa mojawapo ya nchi tano zilizoshiriki, lilionyesha vifo vya watoto wachanga kupungua kutoka takriban 23 hadi 20 kwa kila 100.

Kwa nini dawa hii hasa? Kondo lina kimeng'enya kinachoizima sehemu kubwa ya kotisoli ya mama isimfikie mtoto. Prednisoloni nayo huzimwa. Deksamethasoni na betamethasoni hupita. Kipimo ni miligramu 6 msulini kila baada ya saa 12, mara nne, jumla miligramu 24. Nguvu yake huwa kamili baada ya siku moja au mbili na hudumu kama siku 7.

Hofu yako ina msingi pale dawa inapotolewa ovyo. Kotisoli hukomaza seli kwa kuzifanya ziache kugawanyika, kwa hiyo ikirudiwarudiwa uzito hupungua. Jaribio jingine, lililochapishwa mwaka 2015 katika nchi sita ikiwemo Kenya, lilisambaza sindano hizi hadi vituo vidogo. Wengi waliodungwa hawakuzaa kabla ya wakati, na vifo vya watoto kwa jumla viliongezeka badala ya kupungua. Hivyo masharti ni haya: wiki zijulikane kwa hakika na ziwe kati ya 24 na 34, kujifungua kutarajiwe ndani ya siku 7, mama asiwe na dalili za maambukizi, na hospitali iwe na uwezo wa kumtunza mtoto huyo. Uliza tu kama haya yametimia. Siku 7 zikipita bila kujifungua na hatari ikarudi, duru moja zaidi inaweza kufikiriwa, siyo kila wiki. Sukari ya mama hupanda kwa siku kadhaa baada ya sindano. Mwenye kisukari apimwe mara nyingi zaidi.

SWALI: Ninatumia krimu ya kung'arisha ngozi mwili mzima, tyubu moja kwa wiki. Nina wiki 14. Inaweza kumdhuru mtoto?
— Msomaji, Githurai

JIBU: Ndiyo, na tunaomba usome kiambato leo. Ukikuta klobetasoli, hiyo ni steroidi ya daraja la juu kabisa kwa ukali. Ikipakwa eneo dogo kwa siku chache ni dawa. Ikipakwa mwili mzima kwa miezi, inaingia kwenye damu. Wajawazito waliotumia zaidi ya gramu 300 za steroidi kali za kupaka katika mimba nzima wameonekana kuzaa zaidi watoto wenye uzito mdogo. Tyubu ya gramu 30 kwa wiki inafikisha kiasi hicho kwa wiki 10.

Usiiache ghafla kama umeitumia kwa miezi mingi. Tezi zako za juu ya figo huenda zimelala, na ukikatiza unaweza kupata kizunguzungu, kutapika na presha kushuka. Mwambie daktari ukweli wote akupangie namna ya kupunguza. Ikiwa haina jina la kiambato, au ni mchanganyiko wa kuchotwa kwenye ndoo, hofu ya pili ni zebaki, inayoharibu figo zako na ubongo wa mtoto. Hiyo iache leoleo. Mwenye ukurutu anayetumia haidrokotisoni ya asilimia 1 kwa maagizo ya daktari asishtuke. Hiyo ni hafifu.

SWALI: Nina tatizo la tezi ya shingo, natumia levothairoksini kila siku. Nimepata mimba. Je, niiache kwa ajili ya mtoto?
— Msomaji, Ongata Rongai

JIBU: Usiiache hata siku moja. Tezi ya mtoto huanza kazi yapata wiki ya 12 na haijitoshelezi mpaka wiki ya 18 hadi 20. Kabla ya hapo homoni yote anayojengea ubongo inatoka kwako. Mtoto aliyeikosa mara nyingi huzaliwa na uzito wa kawaida, kwa hiyo mizani haikuonyi. Athari iko kwenye akili na kwenye mifupa, ambayo huchelewa kukomaa, hasa ya goti.

Mahitaji yako hupanda mapema, kwa robo au zaidi. Madaktari wengi huanza kwa kuongeza vidonge viwili kwa wiki, yaani 9 badala ya 7, mara tu mimba inapothibitishwa, kisha TSH, homoni ya pituitari inayoiamuru tezi ya shingo, hupimwa kila wiki 4 hadi katikati ya mimba. Mpigie wako leo mkubaliane. Kidonge kimeze na maji tumbo likiwa tupu, nusu saa hadi saa moja kabla ya chai. Kosa la kawaida ni kukimeza pamoja na vidonge vya madini ya chuma vya kliniki: vinashikana tumboni na homoni haiingii. Tenganisha kwa saa 4.

Wasomaji wasio na ugonjwa huo wanahitaji mikrogramu 250 za iodini kwa siku wakiwa na mimba. Chumvi ya pakiti inayouzwa Kenya hutiwa iodini kisheria. Iweke kwenye kopo lenye kifuniko, mbali na jiko, na uitie chakula kikikaribia kuiva, kwani mvuke na jua huipunguza.

SWALI: Kuku wa broila huiva kwa wiki sita kwa sababu ya homoni. Mjamzito akila, mtoto hukua kupita kiasi?
— Msomaji, Pipeline

JIBU: Hapana. Kasi ya broila imetokana na vizazi vingi vya kuchagua mbegu pamoja na lishe yenye protini nyingi. Na homoni ya ukuaji, ya kuku au ya ng'ombe, ni protini. Ukiila inasagwa tumboni kama nyama nyingine. Kula kuku wako, ila aive hadi mfupani. Ngozi na chipsi za kibandani ndizo za kupunguza ikiwa sukari yako iko juu.

SWALI: Mvulana wetu alizaliwa na kilo 3.1 akiwa mzima. Sasa ana miezi 14 na urefu wa sentimita 68. Anakula vizuri. Ikiwa homoni ya ukuaji haina kazi tumboni, inaanza lini?
— Wazazi, Kahawa West

JIBU: Kazi yake huanza kuonekana katika nusu ya pili ya mwaka wa kwanza, ndiyo sababu anayeikosa huzaliwa wa kawaida kisha mstari wake unaanza kulala. Kwa mvulana wa miezi 14, urefu wa wastani ni sentimita 78. Sentimita 68 ziko chini ya mstari wa mwisho kwenye Kitabu cha Mama na Mtoto, na hilo halifai kungojewa.

Kwanza apimwe upya. Chini ya miaka miwili mtoto hupimwa akiwa amelazwa kwenye ubao, mtu mmoja akishika kichwa kiguse kibao cha juu, mwingine akinyoosha magoti na kusimamisha nyayo. Akipimwa amesimama au miguu imekunjwa, sentimita mbili hupotea kwa urahisi. Uzito ukiwa umeshuka kuliko urefu, lishe na kuharisha kwa mara kwa mara ndizo sababu za kutafuta kwanza, na ndizo zilizo nyingi. Uzito ukiwa mzuri, hata kitambi kikiwepo, na urefu ndio umekwama, basi homoni zinashukiwa.

Kumbukeni siku zake za kwanza. Je, sukari yake ilishuka bila sababu? Manjano ilikaa zaidi ya wiki mbili? Uume ulikuwa mdogo kuliko kawaida? Hizo ni dalili za pituitari ambazo mara nyingi hupita bila kuunganishwa.

Ombeni rufaa kwa daktari wa homoni za watoto. Wapo katika Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta. Atapima homoni za tezi ya shingo na IGF-1, na eksirei ya kiganja cha kushoto kuona umri wa mifupa. Msilipie kipimo cha homoni ya ukuaji cha tone moja la damu lililotolewa wakati wowote: hutoka kwa mapigo, hasa usingizini, na mchana kwa mtoto mzima kabisa huweza kusoma karibu na sifuri. Kipimo sahihi ni cha kuichochea kwa dawa na kutoa damu mara kadhaa chini ya uangalizi. Ikithibitika imepungua, hapo ndipo sindano ya homoni ya ukuaji ina kazi yake, kila jioni chini ya ngozi, kwa miaka kadhaa. Siku ya kwenda, bebeni kadi ya kuzaliwa na kila kipimo cha urefu mlichonacho, hata kilichoandikwa kwenye karatasi ya chanjo.